Supu ya alfajiri haitoi pombe mwilini: kwa wote mnaoshika usukani asubuhi baada ya usiku wa sherehe hapa Mwanza

#1 Nesi wa Zamu ya Usiku (mleta mada)

Wanajamvi, salaam.

Kila tukizungumzia pombe na usukani tunamsema mtu anayetoka baa saa saba usiku huku anayumba. Huyo hata mlinzi wa getini anamwona, na mara nyingine wenzake wanamnyang'anya funguo. Leo naomba tumseme mwingine: aliyekunywa jana, akalala, akaamka akaoga, akapiga mswaki, akapitia supu ya sato na ndizi mbili, na saa kumi na mbili asubuhi yuko barabara ya Nyerere anaitafuta Igoma akiamini yu mzima kabisa.

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi mapokezi ya majeruhi hapa hapa jijini. Watu wa namna hiyo tunawapokea sana Jumapili na Jumatatu asubuhi. Ukimuuliza kama amekunywa anakuapia hajanywa. Na kweli leo hajagusa kitu. Ya jana ndiyo bado iko kwenye damu.

Tuanze na namna inavyoingia. Pombe haihitaji kusagwa kama ugali. Kiasi cha moja ya tano kinapenya kwenye damu kupitia tumbo, iliyobaki inapitia utumbo mwembamba. Ndiyo maana anayekunywa na njaa inampanda haraka, tumbo tupu linaiachia mara moja kwenda utumboni. Ukiwa umekula nyama choma inapanda taratibu, lakini inaingia. Ikishafika kwenye damu inakwenda popote penye maji: ubongo, macho, sikio la ndani, mapafu.

Kutoka sasa. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi zinaondolewa na ini. Kidogo kinachobaki kinatoka kwa pumzi, jasho na mkojo. Na ini lina mwendo wake, kama dirisha moja la kukatia tiketi: foleni iwe ya watu watano au mia, karani ni mmoja na kasi ni ileile. Kwa mtu wa kawaida kiwango cha pombe kinashuka kwa miligramu 15 hivi kwa kila mililita 100 za damu, kwa saa moja. Wapo wa 10, wapo wa 20. Kahawa haibadilishi mwendo huo. Maji baridi hayabadilishi, wala kutapika kama imeshaingia kwenye damu, wala kukimbia uwanjani utoe jasho.

Sasa tupige hesabu. Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe halisi. Mwanaume wa kilo 70 anakunywa bia sita, kuanzia saa mbili usiku hadi saa saba. Hizo ni gramu 120. Kwa kanuni ya Erik Widmark, mwanasayansi wa Sweden, ambayo inatumika hadi leo, zingemfikisha miligramu 250 kama zingeingia zote kwa mpigo. Toa alizochoma katika saa tano za kunywa, 75. Anapolala saa saba yuko karibu 175. Analala kwa muda wa saa tano, anaamka saa kumi na mbili. Toa nyingine 75. Anapowasha gari ana miligramu 100.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa miligramu 80 kwa dereva wa gari binafsi. Yule ndugu amelala, ameoga, amekunywa supu, na bado amezidi kisheria. Damu yake itasafika karibu saa saba mchana.

Mtu wa miligramu 100 hayumbi lazima, na mazungumzo yake yanaeleweka. Kilichoguswa kwanza ni sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayokwambia "subiri, usilipite hilo lori". Pombe inaongeza nguvu ya kemikali za ubongo zinazotuliza na kuzima zile zinazochangamsha, kwa hiyo woga unapungua kabla mikono haijalegea. Macho nayo yanachelewa kurudi sawa yakimulikwa na taa kubwa. Na uwezo wa kugawa akili unapungua: kuangalia mbele, kioo cha pembeni na mtoto aliye ukingoni, vyote kwa wakati mmoja. Unabaki unakodolea kitu kimoja.

Chukua pale Mkuyuni, barabara ya Kenyatta, asubuhi akina mama wanavuka na mabeseni. Ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa gari linakwenda mita 14 kwa sekunde. Ukichelewa nusu sekunde kukanyaga breki umeshakula mita 7 za bure. Ukiwa kwenye 80 ni mita 11. Breki zako zinaweza kuwa mpya kabisa, lakini kwenye mita hizo bado hazijaguswa.

Naomba kuwasilisha. Maswali nitajibu kadiri ninavyojua, nikitoka zamu.

#2 Kijana wa Pasiansi

Mleta mada heshima kwako, ila hapa tusidanganyane. Mimi nakunywa miaka mingi na sijawahi kugonga hata kuku. Kuna mtu bia mbili chali, kuna mtu kreti nzima anaendesha kutoka Mwanza mpaka Shinyanga kanyoosha. Mazoea ni mazoea.

#3 Nesi wa Zamu ya Usiku

Mkuu, mazoea yapo, sikatai, na ndiyo yanayonitisha. Mnywaji wa siku nyingi ubongo wake umejifunza kuficha dalili: anatembea vizuri, anaongea vizuri, barabara anayoijua anaipita vizuri. Damu yake ukiipima ina kiwango kilekile cha yule aliyelala chali. Ini la mnywaji sana linaweza kuchoma haraka kidogo, lakini si kwa kiwango cha kuokoa kreti nzima.

Alichokizoea ni mambo anayoyarudia kila siku. Hakuna anayezoea ng'ombe kuchomoka gizani. Likitokea jambo jipya, ubongo unahitaji sehemu ileile iliyolala. Tafiti za barabarani tangu ile ya Grand Rapids kule Marekani, iliyotoka mwaka 1964, zinakubaliana hapo: hatari inaanza kupanda chini ya ukomo wetu wa 80, ikifika 100 ni mara kadhaa ya mtu asiyekunywa, na ikifika 150 ni zaidi ya mara kumi. Shirika la Afya Duniani linashauri ukomo uwe 50, na 20 kwa dereva mchanga. Sweden wako 20 tangu mwaka 1990. Uskoti walikuwa 80 kama sisi, wakashusha hadi 50 mwaka 2014.

Na mkuu, ambao hawakugonga kuku ndio wanaosimulia. Wengine mimi nawaona wakiwa hawawezi kusimulia.

#4 Konda wa Igoma

Nesi umeongea ukweli ambao sisi wa Hiace tunauishi. Gari la kwanza linatoka saa kumi na moja alfajiri. Dereva kama jana alikuwa kwenye sherehe utamjua tu, na kuyumba hayumbi. Utamjua kwa breki. Anakanyaga kwa kuchelewa halafu kwa nguvu, abiria wote wanakuja mbele. Au anakosa kituo, unagonga bati anaendelea, unagonga mara ya pili ndiyo anashtuka. Mimi siku hiyo nasimama mlangoni roho juu mpaka Buzuruga.

Ninachotaka kujua, trafiki wakisimamisha wanapulizisha. Madereva wetu wanasema ukitafuna karafuu au pipi ya mnanaa kipimo hakisomi. Ni kweli?

#5 Nesi wa Zamu ya Usiku

Si kweli, na naomba uwaambie hivyo bila kuwaficha. Kile kipimo hakinusi mdomo. Damu ikipita kwenye mapafu, pombe inavuka na kuingia kwenye hewa iliyo ndani kabisa, na uwiano unajulikana: lita 2.1 za pumzi ya ndani zina pombe sawa na mililita 1 ya damu. Ndiyo maana wanakwambia puliza mpaka mwisho, wanatafuta ile hewa ya chini. Karafuu inabadilisha harufu tu. Tena dawa nyingine za kusukutua zina pombe, ukisukutua sasa hivi zinaweza kupandisha kipimo kwa dakika chache, kisha kinashuka.

Halafu mkuu, madereva wa vyombo vya biashara hawana hiyo 80. Kwao ukomo ni sifuri. Dereva wa Hiace mwenye miligramu 30 za jana amevunja sheria akiwa na abiria wote wale nyuma yake. Nyinyi makonda mna nafasi ambayo trafiki hana, mnamwona kabla gari halijajaa. Kama kuna deiwaka mzima hapo kituoni, mpeni gari zamu ile ya asubuhi.

#6 Bodaboda Nyegezi

Vipi sisi wa pikipiki? Maana wengine wanasema boda ni nyepesi, unaweza kuimudu hata ukiwa umepata mbili tatu.

#7 Nesi wa Zamu ya Usiku

Ni kinyume chake, ndugu yangu, na hapa nitarefusha kidogo kwa sababu vijana wa boda ndio wanaonijazia vitanda.

Ndani ya sikio kuna mifereji midogo yenye majimaji, na ndani yake kuna kitu laini kama utando kinachopinda ukigeuza kichwa. Ndiyo inayokwambia kichwa kinageuka au unapinda kona. Uzito wa ule utando na wa majimaji unalingana. Pombe ikiingia inafika kwenye utando mapema kuliko kwenye majimaji, utando unakuwa mwepesi, unaanza kupinda wenyewe bila wewe kugeuka. Ndiyo unalala kitandani chumba kinazunguka.

Baada ya saa kadhaa pombe inalingana pande zote mbili na kizunguzungu kinapotea, unasema sasa nimepoa. Lakini inapotoka, inatoka kwenye utando kwanza tena. Sasa utando ni mzito kuliko majimaji, na kizunguzungu kinarudi kwa upande wa pili. Kwa mtu aliyekunywa sana usiku hiyo inakuja alfajiri au asubuhi, na inaweza kuendelea hata pombe ikiwa karibu imeisha. Mwenye gari ana magurudumu manne ya kumshikilia. Wewe una mawili, una abiria nyuma, na ile kona ya kushuka kutoka Bugando inataka sikio lako liwe linasema ukweli.

Kofia ngumu vaa, na ya abiria iwepo. Haizuii kuanguka, lakini tofauti ninaiona kitandani.

#8 Mzee wa Kisesa

Nakubaliana na mengi, ila tusiipe pombe lawama zote. Barabara ya kwenda Magu ina malori yameharibika yamewekewa matawi ya miti tu, hakuna taa. Ng'ombe wanavuka. Madereva hawalali. Hayo ndiyo yanaua.

#9 Nesi wa Zamu ya Usiku

Shikamoo mzee wangu. Hayo yote ni kweli na siyapunguzi. Ila lori lililowekewa matawi bila taa linampa dereva sekunde chache sana, na aliyekunywa ndiye anayekosa hizo sekunde.

La usingizi umeligusa pazuri. Pombe inamlaza mtu haraka lakini inauharibu usingizi wa nusu ya pili ya usiku. Anashtuka saa tisa, anakwenda haja, hapati tena ule usingizi mzito. Inazuia pia homoni inayobana maji, ndiyo maana anakojoa kuliko alichokunywa na anaamka kinywa kimekauka, kichwa kinagonga. Sukari nayo inaweza kushuka kama alikunywa bila kula. Kwa hiyo hata damu ikisafika kabisa, yule mtu wa asubuhi bado ni mchovu mwenye kiu. Hapo ndipo supu inasaidia: inarudisha maji na chumvi, anajisikia vizuri. Kujisikia vizuri ndiko kunakomdanganya, maana pombe bado ipo na dalili yake imefutwa. Wale wa kuzimua asubuhi na bia moja ndiyo wanaongeza juu ya iliyobaki.

Vinywaji vya kuongeza nguvu ni hivyohivyo. Konyagi na kinywaji cha kuchangamsha inamfanya mtu asisikie usingizi, lakini miligramu zinabaki palepale. Anakuwa amelewa huku macho makavu.

#10 Dagaa wa Igombe

Nesi usisahau ziwani. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hatuvui, tunakaa mwaloni, na unajua wenyewe mwaloni kuna nini. Giza likirudi watu wanapanda mtumbwi jioni ile ile na iliyobaki kichwani, wengine wanabeba chupa ya kuzuia baridi. Upepo ukichafuka usiku huko katikati hakuna wa kukuokota.

#11 Nesi wa Zamu ya Usiku

Asante sana mkuu, hili linastahili uzi wake. Nitasema moja tu. Pombe haizuii baridi. Inapanua mishipa midogo ya ngozi, damu ya moto inakuja juu, unasikia joto, na joto hilo ndilo linalotoka mwilini kwenda kwenye upepo. Mtu aliyekunywa akitumbukia anapoa haraka kuliko mzima, anachelewa kushika kamba, na kwenye maji meusi sikio lake linaweza lisimwambie juu ni wapi. Anayeshika injini awe hajanywa, na jaketi okozi livaliwe tangu mwaloni, lisikaliwe kama mto.

#12 Kijana wa Pasiansi

Sawa nesi, nimekuelewa kwenye la mazoea, nimelifikiria. Sasa tupe namba. Bia ngapi mtu anaweza kunywa akaendesha?

#13 Nesi wa Zamu ya Usiku

Namba ya kuendesha nayo sikupi, kwa sababu bia zenyewe hazifanani. Angalia lebo: kuna ya asilimia 4, kuna ya asilimia 5 na nusu. Konyagi ina 35, ile chupa ndogo ya mililita 200 ina gramu 55 za pombe, karibu bia tatu za nusu lita, na mtu anaimaliza kwa muda wa bia moja. Gongo huwezi kuipigia hesabu kabisa, hakuna lebo, na ikiwa na methanoli inaweza kukupofusha.

Miili pia haifanani. Mwanamke mwenye kilo sawa na mwanaume ana maji machache mwilini, kwa hiyo bia ileile inampandisha zaidi. Mwembamba kuliko mnene. Na anayemeza Piriton kwa mafua au Valium kwa usingizi, hata bia moja inamlaza, maana zote zinatuliza ubongo uleule.

Namba ninayoweza kukupa ni ya kusubiri. Mwanaume wa kilo 70, kila bia ya nusu lita ya asilimia 5 mhesabie saa tatu, kuanzia alipoanza kunywa. Hapo nimemwekea nafasi kidogo. Mwanamke wa kilo 60 mhesabie saa nne na nusu.

#14 Mama wa Nyegezi

Nesi pole na kazi. Mimi nina swali la nyumbani. Jumamosi hii tuna harusi ya mdogo wake mume wangu, ukumbini hapa Mwanza. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi tunatakiwa kuondoka kwenda Sengerema kwa wakwe, yeye anaendesha Noah, nyuma wako watoto na mama mkwe. Ana kilo kama 80. Kwa kawaida anakunywa bia tano, wakimshika kaka zake wanaongeza na Konyagi. Nikimwambia asinywe kwenye harusi ya mdogo wake itakuwa ugomvi mbele ya ukoo. Nifanyeje?

#15 Konda wa Igoma

Dada, zamani pale Kigongo mngengoja kivuko, mtu anashuka, ananyoosha miguu, anapigwa na upepo, dakika zinakwenda. Sasa daraja limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita tatu zimenyooka, mnapita moja kwa moja. Ni neema kubwa, ila ile ngoja ngoja haipo tena. Msitoke asubuhi hiyo.

#16 Nesi wa Zamu ya Usiku

Mama, asante kwa kuuliza mapema. Usimwambie asinywe. Mwambie safari imesogea mbele, na umwambie leo, kabla ya harusi, akiwa hajashika chupa. Mtu aliyekwisha kunywa hakubali kuambiwa hawezi kuendesha, kwa sababu sehemu ya ubongo ya kukubali jambo hilo ndiyo iliyozimwa. Mama mkwe akilisema yeye ndiyo bora zaidi, kwamba anataka kupumzika Jumapili asubuhi baada ya shughuli. Mbele ya ukoo hakuna atakayebishana na mama.

Hesabu yake ni hii. Kilo 80, bia tano za asilimia 5, akianza saa tatu usiku: zikiingia zote kwa mpigo ni 184. Saa kumi na mbili asubuhi atakuwa bado na 50 hivi. Chini ya 80 ya sheria ndiyo, lakini hajalala vya kutosha na amebeba watoto, mimi nisingepanda. Inaisha baada ya saa tatu na robo asubuhi, kama ini lake ni la mwendo wa kawaida. Mwekeeni nafasi, ondokeni saa tano. Akiongeza ile Konyagi ndogo hesabu inasogea hadi saa kumi jioni, na hapo mlale mtoke Jumatatu, au mtafute dereva wa siku moja mwenye leseni. Noah yenu ina viti vya kutosha na mumeo atakaa mbele kama kawaida, anaongoza njia.

Soma pia mkataba wa bima ya gari. Bima kubwa nyingi zina kipengele kwamba dereva akikutwa na kilevi hasara ya gari lenu hailipwi, na haitauliza kama alikunywa leo au jana.

#17 Mama wa Nyegezi

Nimeongea na mama mkwe sasa hivi kwa simu. Amesema tutaondoka Jumatatu saa mbili asubuhi, baada ya chai, na amewapigia wa Sengerema kuwaambia.